Udongo Wenye Ukali wa Ndimu

Siku nilipouza udongo kwa mara ya kwanza niliona fahari juma zima. Mnunuzi alikuwa mwanafunzi wa chuo, amevaa glavu za mpira kwenye jua la saa saba mchana, amesimama mlangoni pa uwanja wangu hapa mtaa wa Bwiza kama mtu aliyekuja kumpasua ng'ombe.

"Mama, naomba udongo kidogo."

"Udongo gani?"

"Huu wako. Napita kila mahali mafundi wanapovunja betri na kuchoma waya, nachukua kidogo, tunaupima. Ni ya masomo."

"Na hao wengine wamekupa bure?"

Akanyamaza kidogo. Mtu anayenyamaza kabla ya kujibu amekwisha kupoteza bei.

"Bure, Mama."

"Basi rudi kwao."

Tulikubaliana kwa bei ya soda mbili. Akachota mlangoni, akachota penye bomba, akachota kwenye pipa la kuchomea, akachota kwenye kona ya betri, akamalizia chini ya ukuta wa jiko. Vifuko vitano, kila kimoja na namba yake. Mimi nahesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, mara ya pili kwa ajili yangu. Mara ya pili vilikuwa sita.

"Hiki cha sita ni mtoto wa nani?"

"Hicho cha ziada tu, Mama, kama kingine kikipasuka."

Akaongeza soda ya tatu. Jioni niliwasimulia majirani wote. Dhahabu na mafuta kila mtu anaweza kuuza. Mimi nimeuza vumbi la miguuni pangu, na mnunuzi akanishukuru.

Kazi yangu ni kununua vitu vilivyokufa. Redio, televisheni zile zenye kisogo, kompyuta zinazoshuka bandarini zikiwa nusu maiti na kufika kwangu maiti kamili, na betri: za magari, za pikipiki, za sola. Marehemu mume wangu ndiye aliyeianza kazi hii. Mimi niliirithi pamoja na shoka lake. Waya tulichoma kwenye pipa mpaka plastiki iishe ibaki shaba. Betri tulipasua, yale maji yake makali tukamwaga kwenye kona, zile bamba za ndani, za madini ya risasi, tukaziyeyusha kwenye sufuria kuukuu, na wavuvi wa Kajaga, kule ufuoni mwa ziwa, walikuja kuzichukua wakatengeneza vizito vya nyavu. Majivu tuliyafagia hadi chini ya ukuta wa jiko. Hakuna kilichopotea. Hata ile kona ya betri niliihesabu kuwa faida, maana miaka yote hiyo halikuota jani hata moja, na mimi sipendi kung'oa magugu. Kuku niliwahi kufuga watatu. Walikufa wote watatu, nikagombana na mwanamke aliyeniuzia mpaka leo hatusalimiani.

Basi, mwanangu wa pekee anafanya kazi kwenye meli za mizigo zinazokwenda Kigoma, siku nyingi yuko majini. Alioa msichana wa milimani, mpole, mrefu, anayepiga goti kidogo kila anaponipa kitu, hata kijiko. Huniita Mabukwe, ndiyo mama mkwe kwa Kirundi. Mwanangu aliponiachia mke huyo akiwa na mimba changa, aliniambia maneno machache tu: "Mama, ukae naye vizuri." Mjukuu wa kwanza. Mimi ambaye sijawahi kupokea mzigo bila kuukagua, huo niliupokea hivyo hivyo.

Mwezi wa tatu wa mimba ukafika na hamu zake. Akaja kunipigia goti.

"Mabukwe, naomba niende sokoni kidogo."

"Kuna nini sokoni?"

Akaona haya. "Udongo."

Asiyejua ajue: wanawake wetu wenye mimba hula udongo. Uko sokoni, vipande vilivyokaushwa, unapangwa kando ya chumvi na karanga. Mimi mwenyewe nilipokuwa na mimba ya mwanangu nilikula mpaka nikadhani nitazaa tofali. Kwa hiyo sikushangaa. Kilichonishangaza ni kununua.

"Udongo wa kununua?" nikasema. "Na uwanja huu wote ni wa nani?"

Nilisema kwa mzaha, kama ninavyosema mambo kumi ya namna hiyo kabla ya adhuhuri. Lakini mkamwana wa milimani hapewi masanduku mawili, moja la kuwekea mizaha ya mama mkwe na jingine la kuwekea amri zake. Yote huingia sanduku moja. Aliinamisha kichwa, akasema, "Ego, Mabukwe," yaani ndiyo, akarudi jikoni. Mimi nikasahau.

Baada ya hapo nikaanza kuona vishimo kwenye ukuta wa jiko, chini, pale tulipofagilia majivu. Ukuta ule ni wa udongo, wa zamani. Nilihesabu vishimo kumi na kimoja. Kesho yake kumi na vinne. Panya, nikasema, na si panya mdogo. Nikanunua mtego, nikauwekea ndagala mmoja, yule dagaa wa ziwani, aliyekaushwa vizuri. Asubuhi ndagala hayupo na mtego haujafyatuka. Nikaweka wa pili. Hayupo. Nikamwambia mkamwana wangu, "Binti, huyu panya amesoma." Akaangalia chini, akasema, "Ego, Mabukwe."

Mwanafunzi akarudi baada ya majuma mengi, safari hii bila glavu, ameshika karatasi. Nilimpa kiti, akakataa. Mtu anayekataa kiti ana neno zito au hana hela, na yeye tulikuwa tumekwisha kumalizana.

"Mama, huu uwanja musilime mboga."

"Silimi."

"Musifuge kuku."

"Walikwisha kufa."

"Watoto nao wasicheze chini."

"Sina mtoto hapa. Yuko mmoja, na bado yuko tumboni."

Hapo akapumua. Akaniambia risasi ya betri imejaa kwenye udongo wangu, na takataka nyingine za kwenye waya na mashine ambazo majina yake yalikuwa marefu kuliko ndevu zake. Akasema haitoki kwa mvua wala kwa miaka. "Lakini ubaya mukubwa ni ikiingia mudomoni, Mama. Mutu akiila. Na zaidi mwanamke mwenye mimba, maana inapita mpaka kwa mutoto, inaharibu akili yake kabla hajazaliwa."

Nikacheka. "Mwanangu, masomo yamekuchosha. Nani atakula uwanja wangu?"

Niliona macho yake yamepita juu ya bega langu. Nikageuka. Mkamwana wangu alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mkono mmoja tumboni, mwingine mdomoni, na pembeni ya midomo kuna rangi ya ukuta.

"We! Unakula nini?"

"Udongo, Mabukwe."

"Wa wapi?"

"Wa ukuta. Ule mulinipa."

"Mimi nilikupa?"

"Mulisema uwanja huu wote ni wa nani. Nikaona munanikaribisha."

"Tangu siku ile?"

"Ego."

"Kila siku?"

"Apana. Siku ya Mungu apana, naendaga kanisani."

Mwanafunzi alikaa kwenye kile kiti alichokikataa.

"Na ndagala wa mtego?"

Akaanza kulia. "Munisamehe, Mabukwe. Walikuwa na chumvi."

"Kwa nini haukuniambia? Ungekwenda sokoni, ningekupa hela!"

"Huu wa hapa ni mutamu kupita wa sokoni," akasema huku akijifuta machozi. "Iko na ukali kidogo. Kama ndimu."

Mwanafunzi akatoa daftari akaanza kuandika. Nikamwambia hilo la ndimu akiliandika, analipa.

Nilisema hivyo kwa sababu ulimi wangu ulikwishazoea kusema. Ndani nilikuwa nimenyamaza. Risasi naijua kuliko kijana yule. Nimeipima kwa mikono, nimeiuza Kajaga. Kazi yake yote ni kuzama: unaifunga kwenye wavu, inashuka, na haipandi mpaka uivute. Sasa ilikuwa imeshuka mahali ambapo hakuna kamba ya kuivutia, na aliyeitupa humo ni mimi, kwa mzaha mmoja na ubahili wa miaka.

Kesho yake asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye zahanati. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani juu ya kichwa, anayeitafuta miwani. Nikamweleza yote, hata ya panya. Akapima damu, akapima mkojo, akapima presha, akasikiliza tumbo.

"Malaria hana. Sukari hana. Mtoto anacheza."

"Na risasi?"

"Hiyo mashine hatuna, Mama. Wala sijui utaipata wapi hapa mujini."

"Basi rudieni hizo mulizo nazo. Pima mara ya pili."

"Mama, damu si pesa, haiongezeki ukihesabu tena."

Nilimpenda mwanamke yule papo hapo. Akasema udongo uishe leo, si kesho. Anawe mikono kwa sabuni. Ale ndagala na mifupa yake, anywe maziwa, ale lengalenga, ndiyo mchicha, kila siku, ameze vidonge vya madini ya chuma. Mwili ulioshiba vitu hivyo haupokei sumu hiyo kwa urahisi. Na tuwe na subira.

"Subira ni bei gani?"

"Hiyo tunatoa bure. Ndiyo maana hamuichukui."

Kumwambia mwenye mimba aache udongo ni kazi rahisi. Kuacha ndiyo kazi. Nilikwenda sokoni kumtafutia udongo safi. Muuzaji, mama mmoja wa makamo, alinijua. Akajiandaa kwa vita vya bei, akavuta kitenge, akakohoa.

"Huu umeuchimba wapi?" nikauliza.

"Mulimani."

"Mulima gani? Kuna gereji karibu?"

"Gereji ya nini mulimani?"

"Jirani yako anafanya kazi gani?"

"Anafuga nyuki."

"Hachomi kitu?"

"Mama, unanunua udongo ao unaoza binti?"

Nilinunua bila kubishana bei. Alihesabu hela akanitazama, akazihesabu tena, kisha akaniuliza kama niko mgonjwa. Lakini nilipompigia simu mwanafunzi, akasema huo hajaupima, hawezi kuuapia. Nikautupa. Yaani nilinunua udongo kwa bei ya kwanza na nikautupa. Kama marehemu angeona angerudi kaburini kwa miguu yake.

Ndipo nilipokumbuka ile ndimu. Nikanunua maembe mabichi, yale ya kukunja uso, nikayakata, nikaweka chumvi. Nikafanya mkataba na mkamwana wangu: kila hamu ikimshika, asiende ukutani, aje kwangu, nitampa kipande. Siku ya kwanza alikuja mara kumi na tisa. Siku ya pili alikuja mara ishirini na tatu, nikaanza kushuku kwamba hamu imehama, sasa anafuata embe. Mizaha nilikuwa nimeiweka likizo, maana nilikwishajua inakokwenda.

Ukabaki uwanja wenyewe. Mwanafunzi alisema tukwangue kina cha kiganja, na zaidi kwenye kona ya betri na ukutani, tukiwa tumemwagia maji ili vumbi lisiruke. Nikampeleka mkamwana wangu kwa dada yangu. Nikaleta wanaume wawili wenye majembe, nikawafunga vitambaa puani, wakafanya kazi siku tatu wakilalamika kwamba wanaonekana kama wezi. Magunia thelathini na moja. Nilihesabu tena, thelathini na moja.

"Sasa niyapeleke wapi?" nikamuuliza mwanafunzi.

"Si ziwani, Mama. Wala mutoni. Wala shambani kwa mutu."

"Hizo tatu umekataza. Niambie moja unayoruhusu."

"Kuna nchi ziko na mahali maalumu pa vitu kama hivi."

"Na sisi?"

Akaangalia viatu vyake. "Mukae nayo kwanza," akasema, kwa sauti ya shehe anayesuluhisha ndoa.

Nikayapanga uani, nikayafunika turubai. Hapo ndipo Bwiza ilipoamka. Mtu gani atamwamini mwanamke kama mimi akisema amefunika magunia ya udongo usio na kazi? Kufikia Ijumaa ilisemekana nimepata dhahabu chini ya jiko. Jumamosi ilikuwa si dhahabu tena, ilikuwa ni yale madini ya simu, na kwamba mwanafunzi ni wakala. Watu wakaanza kunisalimia vizuri. Hata yule mama wa kuku alinitolea shikamoo ya mbali.

Jumatatu akaja bwana mmoja wa Kajaga, na tumbo lake na kamba ya kupimia. Alikuwa anajaza kiwanja karibu na ufuo, mbele aweke baa, nyuma bustani. Alitaka udongo wa kujazia.

"Mama, haya magunia, yote kwa pamoja?"

"Apana. Siuzi."

Akataja bei. Nikasema siuzi. Akapandisha. Nikasema siuzi. Akapandisha tena, na mimi nikaona uchungu moyoni, kwa sababu maisha yangu yote nimejifunza mbinu za kupandisha bei, kumbe mbinu kubwa kuliko zote ni kutotaka kweli.

"Kwani iko na nini ndani?" akauliza.

"Sumu. Ya betri."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Eh, Mama we! Walinionya kwamba unajua biashara. Sumu! Haya, naongeza ya sumu."

"Hiyo bustani utapanda nini?"

"Lengalenga. Nyanya kidogo. Nauzisha hapa hapa soko ya Bwiza."

Lengalenga. Ile ile iliyoandikwa na muuguzi, kila siku, kwa ajili ya mjukuu wangu. Niliona safari nzima ya magunia yangu: yanatoka kwa lori, yanarudi kwenye fungu la mboga, yanaingia sufuriani kwangu, na mimi nimelipia usafiri mara mbili. Nilimweleza. Nikamwonyesha ile kona isiyoota jani. Kila nilichosema alikisikia kama bei. Nikaona kwamba ukweli kutoka kinywani mwangu hauna soko, umechelewa kufika.

Nikavuta pumzi.

"Basi chukua," nikasema. "Chukua yote. Bure."

Wallahi, moyo ulinisimama. Angesema asante, ningefanya nini? Lakini bwana yule alirudi hatua moja nyuma. Akatazama turubai. Akanitazama mimi.

"Bure?"

"Bure. Na lori nakulipia."

Rangi ikamtoka. Mtu yeyote aliyewahi kufanya biashara nami anajua kwamba sijawahi kutoa kitu bure, hata ushauri. Aliniambia atarudi kesho, na akaondoka kwa haraka hivi kwamba aliacha kamba yake ya kupimia. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeamini kwamba ni sumu. Yule mama wa kuku alikuja mpaka mlangoni kunidai radhi, nikampa.

Nilichimba shimo kule kule uani, nikalisakafia saruji ndani, chini na pembeni, nikayapanga magunia, nikaweka zege juu. Mwanafunzi alisema si dawa, ni kufunika tu. Nikamwambia hata maiti tunafunika tu. Uwanja wote nao nikausakafia, na ukuta wa jiko nikauangusha, nikajenga wa tofali za kuchoma. Wateja sasa hukaa juu ya lile zege kupatana bei. Siwaambii wamekalia nini, ila naona hawakai sana.

Waya siku hizi tunachuna kwa kisu. Ni kazi ya polepole, vidole vinauma, shaba inatoka kidogo. Betri nanunua nzima na kuuza nzima, kwa mtu anayezipakia bandarini. Niliwahi kumuuliza huko anakozipeleka wanazifanya nini. Akasema, "Wanapasua, Mama, si kama sisi?" Sikumuuliza tena. Najua huko nako kuna jiko, na jiko lina ukuta. Hilo sijapata pa kulifunika.

Mtoto alizaliwa mvua za kwanza zilipoanza. Msichana. Muuguzi yule yule, miwani kichwani, alisema uzito ni mzuri na sauti ni ya kuuzia samaki. Nikamuuliza kuhusu akili. Akasema hiyo haionekani kwenye mizani. Tutaiona akikaa, akitambaa, akisema, akienda shule. Mwanangu aliposhuka kutoka melini nilimweleza yote mwenyewe, kabla mtu mwingine hajamweleza. Alimtazama mtoto, kisha akamtazama mama mtoto, ambaye alisema, "Mabukwe alininunulia maembe mengi." Ndivyo alivyonitetea.

Tangu hapo namchunguza mtoto huyu kama redio ya mtu asiyeaminika. Alikaa kwa wakati wake. Akatambaa, alichelewa kidogo au sikumbuki wenzake hutambaa lini. Kila mama ninayemuuliza anataja mwezi tofauti. Mama yake hachunguzi. Anamwimbia tu.

Juzi alikuwa anatambaa uani, mimi nikipatana na mteja juu ya feni. Nilipotupa jicho, yuko kwenye ukingo, pale saruji inapoishia na mfereji unapoanza. Imepasuka kidogo pale. Ameshapata kibonge cha udongo, kiko mkononi, mkono uko njiani kuelekea mdomoni.

Nilimwacha mteja na feni yake. Kumnyang'anya sikuthubutu, angekisukumia ndani. Nikapiga magoti, mimi na magoti yangu haya, nikamwonyesha biskuti. Mkono ukasimama. Akaitazama biskuti, akaitazama ngumi yake, akanitazama mimi. Hakuachia.

"Mabukwe," mama yake akaita kutoka jikoni kwa sauti ndogo, "muongeze."

Nikatoa ya pili. Hapo akanyoosha mkono mtupu, akachukua moja, akaiweka mapajani, akachukua nyingine, na baada ya kuhakikisha zote ni zake ndipo akafungua ngumi.

Mteja nyuma yangu akasema, "Huyu ni wa kwenu kabisa." Nilimnawisha mtoto mikono yote kwa sabuni, kidole kwa kidole, biskuti zikalowa, akalia. Kisha nikamwambia mteja achukue feni kwa bei yake aliyoitaka, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kutafuta fundi wa saruji kabla hajafunga.